Majeruhi asitie sahihi kabla ya wakati wake

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo hapana mwalimu wa Kiswahili asiyewahi kutakiwa na wanafunzi wake azipatanishe. Moja yasema kwamba subira huvuta heri. Nyingine yaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Darasani jibu huwa jepesi: kila methali ina mahali pake. Lakini wako wananchi ambao kwao swali hilo si la darasani hata kidogo. Hao ni majeruhi wa ajali za barabarani, waliopata habari kutoka kwa kampuni ya bima kwamba ziko fedha kiasi fulani za kuwafidia, mradi watie sahihi. Je, wazipokee leo au wangoje?

Swali hili haliwahusu watu wachache. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara zetu, na waliojeruhiwa walikuwa wengi kuliko waliokufa. Miongoni mwao wamo walimu waliokuwa wakienda kazini na wanafunzi waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Yamkini hata wewe, msomaji, unamjua mmoja wao.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani taaluma ya lugha. Hata hivyo, hati za bima hunifikia mezani mara kwa mara kwa sababu moja tu: zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na jamaa au mwanafunzi wa zamani huja kuniomba nimweleze zinasema nini. Kutokana na hati hizo, na kutokana na hukumu za mahakama zetu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, nimefikia rai moja ambayo nataka kuitetea hapa. Wakati wa kusuluhisha dai la ajali haufai kupimwa kwa ukubwa wa shida aliyo nayo majeruhi. Unafaa kupimwa kwa maswali mawili. Je, mwili umekwisha kusema neno lake la mwisho? Na je, sheria ingali inampa majeruhi nafasi ya kusema lake?

Tuanze na hiyo sahihi yenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1955 na ambayo ilichapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kwamba ziko kauli ambazo haziarifu jambo bali hulitenda. Mtu asemapo "naahidi", haelezi ahadi iliyo mahali pengine. Kwa kusema hivyo ameahidi. Hati ya kupokea fidia ni kauli ya aina hiyo. Ndani yake mna maneno yenye maana kwamba mpokeaji amekubali kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kwa mwenye gari, kwa dereva wala kwa bima kuhusu ajali hiyo. Wengi hudhani kwamba wanatia sahihi ya kukiri kuwa wamepokea pesa, kama wafanyavyo wakipokea mshahara. La, hasha! Wanatia sahihi ya kufunga mlango, na ufunguo unabaki upande wa pili.

Mlango huo ni mzito. Kwa kawaida sheria yetu humruhusu majeruhi adai fidia mara moja tu kwa ajali moja. Hawezi kudai leo kwa sababu ya mfupa uliovunjika, kisha arudi baada ya miaka miwili kudai kwa sababu mguu umekuwa mfupi. Aidha, mapatano yakiwa yamesajiliwa mahakamani, huwa na nguvu sawa na hukumu, na hayavunjwi ila kwa sababu ambazo zingevunja mkataba, mathalani ulaghai. Kusema "sikujua kwamba nitaumwa tena" hakutoshi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nitatoa mfano. Alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu katika shule moja ya Bonde la Ufa. Alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule, wala si na Tume, na kwa hiyo asipofundisha halipwi. Matatu aliyoipanda iligongana na lori, naye akavunjika mguu chini ya goti. Hospitalini alitiwa chuma cha kuushikilia mfupa. Miezi minne baadaye, hali angali anatembea kwa magongo, ofisa wa bima alimpigia simu na kumwambia kwamba kuna shilingi 150,000, na kwamba akitia sahihi wiki hiyo atalipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mumewe hakuwa na kazi. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ameitwa kidato cha kwanza. Aliniletea hati ile akitaka nimweleze aya moja tu ambayo hakuielewa vyema. Nilipomaliza kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo, Mwalimu, hiki chuma kitakuja kutolewa kwa pesa za nani?"

Swali hilo linazidi kwa uzito mihadhara mingi niliyowahi kuisikia. Linatuonyesha kwamba tarehe ya kulipwa na tarehe ya kupona ni vitu viwili mbalimbali. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri. Tunasema fulani amepata nafuu, na tunasema fulani amepona, na wala hatuyachanganyi maneno hayo. Aliyepata nafuu bado yuko njiani. Aliyepona amefika. Baina yao yuko mtu wa tatu ambaye hatapona kabisa, lakini hali yake imetulia kiasi kwamba daktari anaweza kusema: hapa ndipo alipofikia, na hiki ndicho kilema atakachobaki nacho. Ofisa wa bima apigapo simu mapema, humkuta majeruhi katika nafuu na kumwomba atie sahihi kana kwamba amepona.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: usikubali malipo ya mwisho kabla ya kupata ripoti ya mwisho ya daktari. Ripoti hiyo iseme mfupa umeunga au haujaunga, kiungo kinakunjika kiasi gani, kama upasuaji mwingine utahitajika na utagharimu kiasi gani, na kama majeruhi ataweza kuirudia kazi yake ya awali. Majeraha ya kichwa na ya uti wa mgongo yahitaji tahadhari zaidi, kwa maana athari zake huweza kujitokeza polepole. Mwanafunzi aliyegongwa kichwani anaweza kuonekana mzima kitandani, na ni katika muhula wa pili ndipo mwalimu wake anapogundua kwamba hakumbuki tena anayosomeshwa.

Ripoti hiyo ndiyo inayofanya hesabu iwezekane. Mahakama hutenganisha fidia katika mafungu. Liko fungu la maumivu na raha za maisha zilizopotea, ambalo hakimu hulikadiria kwa kuangalia majeruhi wengine wenye madhara kama hayo walipewa kiasi gani. Liko fungu la gharama zilizokwisha kutumika, ambalo lazima litajwe katika madai na kuthibitishwa kwa risiti. Liko fungu la matibabu yajayo. Na liko fungu la mapato, iwapo majeruhi amepoteza mshahara au uwezo wa kuchuma. Shilingi 150,000 zilizotajwa kwa simu hazikugawanywa katika mafungu yoyote. Ilikuwa bei tu, kama bei ya mbuzi mnadani.

Hapa ndipo msomaji mwerevu atakaponiuliza: basi majeruhi angoje hadi lini? Naam, subira nayo ina mpaka, na mpaka huo umewekwa na sheria wala si na methali. Sheria inayoweka ukomo wa muda wa kushtaki humpa majeruhi wa ajali miaka 3 tangu siku ya ajali awasilishe kesi. Gari likiwa la Serikali, muda huo hupungua ukawa miezi 12 tu. Ziko nafasi finyu za kuomba nyongeza ya muda, lakini asiyezihitaji ndiye mwenye bahati. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mazungumzo na bima hayaisimamishi saa hiyo. Barua waweza kuandikiana nao mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, nao wakikujibu kwa adabu na kukuita kwa mikutano. Siku ya ukomo ikipita bila kesi kuwasilishwa, adabu hiyo hukoma.

Kwa sababu hiyo, kuwasilisha kesi si kutangaza vita, kama wengi wanavyodhani. Ni kuisimamisha saa ili mwili upate muda wake. Kesi nyingi za ajali zilizowasilishwa huishia kwa mapatano, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia hizo za maridhiano. Mwenye kesi mahakamani anaweza kuzungumza na bima siku yoyote hadi siku ya hukumu. Asiye na kesi anazungumza huku mchanga ukimwishia chini ya miguu. Muhimu ni kwamba kampuni ya bima ipewe ilani ya kesi mapema, kwani ilani hiyo ni sharti la kuilazimu bima hiyo kulipa hukumu baadaye.

Mbali na kalenda ya mwili na ile ya sheria, iko kalenda ya tatu, nayo ni ya tumbo. Hii ndiyo ambayo bima huisoma vizuri kuliko zote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini katika biashara hii mwenye shibe anamjua sana mwenye njaa, na anajua karo hulipwa mwezi gani. Kampuni inaweza kungoja miaka 5 bila kukosa kiamsha kinywa. Sisemi kwamba maofisa wa bima ni watu wabaya. Kazi yao ni kulinda fedha za mwajiri wao, na malipo madogo ya mapema ni faida halali kwake. Ninalosema ni kwamba neno "suluhu" katika lugha yetu hudokeza watu wawili waliokaa chini wakiwa sawa. Mmoja akiwa na wakati na mwingine akiwa na njaa, hiyo ni suluhu kwa jina tu.

Je, njaa ina dawa? Dawa kamili sina, ila ziko njia mbili zinazostahili kujulikana. Ya kwanza ni kutenganisha swali la nani alikosa na swali la alipwe kiasi gani. Pande mbili zinaweza kukubaliana kwanza kuhusu lawama, mathalani kwamba dereva abebe asilimia 80 na majeruhi asilimia 20, kisha swali la kiasi liachwe hadi ripoti ya daktari iwe tayari. Makubaliano hayo humwondolea majeruhi hofu kubwa kuliko zote, yaani hofu ya kushindwa kabisa. Ya pili ni kuiomba bima ilipe sehemu ya gharama za hospitali mapema, kwa maandishi yanayosema waziwazi kwamba hayo si malipo ya mwisho. Bima inaweza kukataa. Lakini hata kukataa kwake ni habari: kunakuonyesha kwamba haraka iliyotajwa kwa simu haikuwa haraka ya kukusaidia.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila mtu angoje hukumu. Ngoja ngoja nayo ina waathiriwa wake. Aliyepata michubuko na maumivu ya misuli, akatibiwa na kupona, na daktari akathibitisha hivyo, hana sababu ya kukokota kesi kwa miaka. Akipewa kiasi kinacholingana na yale ambayo mahakama hutoa kwa majeraha kama yake, apokee na aendelee na maisha. Vilevile, riba ya fidia ya maumivu kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku ya hukumu, wala si siku ya ajali. Kwa hiyo miaka ya kungoja haizai kitu katika fungu hilo, huku bei ya unga ikipanda.

Zipo sababu nyingine za kupunguza matumaini. Kama ushahidi wa kosa la dereva ni dhaifu, au kama majeruhi alichangia, tuseme kwa kutofunga mshipi wa usalama ambao tumekuwa tukihimizwa kuufunga tangu kanuni za Waziri Michuki za 2004, mahakama inaweza kukata sehemu ya fidia. Mwenye madhara ya shilingi 500,000 akibebeshwa asilimia 20 ya lawama hupata 400,000. Aidha, sheria ya bima ya lazima ya magari haiilazimu kampuni kuwa na dhima ya zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe, ambaye huenda hana kitu. Na bima zenyewe huanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka wa 2005, Blue Shield mwaka wa 2011, na Xplico mwaka wa 2023, na waliokuwa wakizidai waliachwa wakingoja. Ukisikia kwamba kampuni inayokudaiwa inayumba, kiasi cha wastani mkononi huenda kikawa bora kuliko hukumu nono isiyolipika.

Kwa hivyo, fedha zikitajwa, majeruhi ajiulize kwa utaratibu. Hali yangu imetulia, na ninayo ripoti inayosema hivyo? Wenye majeraha kama yangu walipewa kiasi gani mahakamani katika miaka ya karibuni? Nikiondoa hatari ya kushindwa, sehemu ya lawama inayoweza kuniangukia na ada ya wakili, kinabaki kiasi gani? Je, kinachobaki kinazidi hiki ninachopewa leo kwa tofauti inayostahili kungojewa? Akiwa na majibu hayo, basi akikubali amekubali, na akikataa amekataa akijua analolikataa. Asipokuwa nayo, anacheza bahati nasibu.

Neno kuhusu mawakili. Mwanzoni mwa safari hii majeruhi hufuatwa hadi kitandani na vijana wanaojifanya wasamaria wema, ambao kazi yao ni kuwakusanyia mawakili wateja. Wakili anachaguliwa na mteja, hatafutiwi na mpita njia. Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba unaomlipa wakili pale tu anaposhinda, kwa hivyo ada ielezwe kwa maandishi tangu mwanzo. Fidia nyingi hupitia kwa wakili, na mteja ana haki ya kuonyeshwa kiasi kilicholipwa na kila kilichokatwa. Akizungushwa, iko Tume ya Kupokea Malalamishi Dhidi ya Mawakili. Na wakili asiruhusiwe kusuluhisha dai bila mteja kukijua kiasi na kukikubali yeye mwenyewe.

Na yule mwalimu je? Hakutia sahihi. Kesi yake iliwasilishwa kabla ya muda kwisha. Daktari alithibitisha kwamba goti halingekunjika tena kama zamani, na kwamba chuma kingehitaji upasuaji wa kukitoa. Zaidi ya miaka miwili baada ya ajali, siku chache kabla ya kesi kusikizwa, bima ilikubali kulipa zaidi ya mara nne ya kiasi cha kwanza. Lakini sitaipamba hadithi. Katika kungoja huko familia iliuza ng'ombe wawili, na mtoto alichelewa kuingia shule kwa muhula mzima. Methali zote mbili zilitimia katika nyumba moja. Alichofanya yeye ni kuamua mwenyewe ni ipi itangulie, baada ya kujua hati inasema nini.

Hapo ndipo sisi walimu tunapohusika. Katiba yetu, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni kwa nini hati inayofunga haki za mkulima wa Molo au mchuuzi wa Kongowea iandikwe kwa lugha asiyoimudu, kisha aonyeshwe mahali pa kuweka kidole gumba. Wabunge na wasimamizi wa bima wanaweza kuagiza kwamba hati hizo ziandikwe kwa Kiswahili pia, na kwamba majeruhi apewe siku kadhaa za kuzisoma nyumbani. Hadi hilo litakapofanyika, mwalimu wa kijiji ndiye mkalimani. Akiletewa hati kama hiyo asiitafsiri juujuu. Aisome hadi mwisho, aulize ilipo ripoti ya daktari, na ahesabu miezi iliyosalia tangu siku ya ajali.

Nanyi wanafunzi, mtakapoulizwa tena katika mtihani jinsi ya kupatanisha methali zile mbili, jibuni kama mlivyofunzwa. Lakini jamaa yenu akiletewa karatasi kitandani, mwambieni maneno machache tu: hifadhi kila risiti, fahamu siku yako ya ukomo, na usitie sahihi hadi daktari aseme umefikia wapi.